Sweta ya Binti Yangu: Bei ya Uzi, Bei ya Mkono

Sweta ya kwanza niliyomnunulia binti yangu tulipohamia Kitale ilinigharimu shilingi 150. Niliichomoa kwenye rundo la mitumba, rangi ya maziwa, yenye vifungo vinne vya mbao na tundu tupu la kifungo cha tano. Aliivaa misimu miwili ya mvua, ikamwacha mikono, ikaenda kwa mtoto wa dada yangu ambaye anaivaa mpaka leo. Naanza nayo ili msomaji asije akadhani nina ugomvi na mitumba. Sina. Yeyote aliyelea mtoto katika nyanda hizi za baridi anajua mitumba imefunika migongo mingi.

Mwaka huu ameingia PP1 ya chekechea. Ana miaka minne, na nilimtakia sweta moja ya heshima, ya kufunguka mbele, ile tunayoiita kadigani: mwili mtupu usio na maua wala vikatuni, ukingo uliolala sawa, vifungo vitano, rangi inayokubaliana na gauni la kanisani na suruali ya kuchezea pia. Nikajipa wiki tatu za kuuliza bei, kuanzia vibanda vya Kitale hadi soko la Chepkube mjini Bungoma, anakokaa kukhu wake, yaani nyanya yake. Bei nitakazotaja ni zile nilizotajiwa au nilizolipa mwenyewe baada ya kuomba nipunguziwe. Huenda wewe ukazikuta zimepanda au zimeshuka, lakini pengo kati ya njia moja na nyingine ndilo la kuangalia.

Kabla ya bei kuna hali ya hewa, maana ndiyo inayoamua uzi. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon ukiwa upande mmoja na milima ya Cherangani upande wa pili. Bungoma iko karibu mita 1,400. Joto hushuka kwa takriban nyuzijoto 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo matatu inayotoka Bungoma na kupita Webuye, Kamukuywa na Kiminini inakushusha mahali palipo baridi zaidi kwa nyuzijoto 3. Kwenye karatasi ni kitu kidogo. Kwa mtoto anayesimama kando ya barabara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, soksi zimelowa umande, hiyo ndiyo tofauti ya kutetemeka na kutulia. Na sweta hiyo hiyo ikipelekwa kwa kukhu likizoni, saa tatu asubuhi imeshavuliwa na kusahaulika kwenye kiti. Mzazi ambaye mtoto wake ana nyumba mbili lazima aamue mapema anamfumia mji upi. Mimi niliamua Kitale.

Nikaanza na mitumba. Wanaouza hupanga mali yao kwa daraja. Kamera ni zile za kwanza kutoka belo likifunguliwa, safi, hazijachujuka, na sweta ya mtoto ya kamera pale Kitale niliambiwa shilingi 250. Zinazofuata ni 100 hadi 150. Jioni ikifika, zilizobaki zinageuka kuwa fagia, na ukiwa na jicho zuri unaondoka na sweta kwa 50. Bungoma bei zilikuwa chini zaidi, hasa za sweta nzito. Mama mmoja pale Chepkube alinieleza bila kuzunguka: “Dada, hapa ni joto. Blauzi inatoka, sweta inakaa.” Kwa hiyo ukiwa na safari ya Bungoma, nunua huko sweta za kuvaliwa Kitale. Ushauri huu peke yake umeniokolea pesa kuliko mwingine wowote.

Unapochagua, usiangalie rangi kwanza. Inua sweta juu ya mwanga, tazama viwiko na makwapa. Palipopungua nyuzi mwanga utapenya, na hapo ndipo patakapotoboka baada ya wiki sita. Vuta ukingo wa chini kisha uuachie. Ukirudi, sweta bado ina uhai. Ukibaki umelegea kama mdomo wa gunia, iache. Vifungo visikusumbue, vinauzwa shilingi 10 kimoja.

Sweta mpya ya dukani sitaikalia sana. Nilizoziona zilikuwa 1,200 hadi 1,500, zikiwa na sura nzuri kwenye hanga, uzi mwembamba wa akriliki, na vifungo vilivyoshikwa na uzi mmoja. Kwa mtu mwenye harusi Jumamosi na hana muda, sawa. Kwa baridi ya Julai sikuona unachonunua pale zaidi ya upya wenyewe.

Fundi wa mashine ni habari nyingine, na nilikaa kwake karibu saa nzima. Mashine yake ni kitanda kirefu cha sindano ndogo zilizojipanga kama meno ya kitana, na juu yake kuna kibebeo anachokisukuma kushoto na kulia. Kila msukumo ni mstari mzima wa vitanzi. Kipande cha mgongo wa mtoto kilishuka mbele ya macho yangu kabla chai niliyoletewa haijapoa. Anatoza shilingi 600, uzi wake, na unasubiri siku mbili. Wengi wanaofanya kazi hii hapa mjini huishi kwa sweta za shule, kwa hiyo rangi walizonazo ni za shule: buluu ya giza, maruni, kijani kibichi kilichokolea. Ukitaka rangi ya mchanga au ya waridi hafifu utamletea uzi mwenyewe.

Kasoro ya sweta yake iko ndani, mahali ambapo mteja haangalii. Ili kuokoa muda, shingo na makwapa hayafumwi kwa umbo. Hukatwa kwa mkasi kama kitambaa na kingo zikashikwa kwa ovaloki. Kwa sweta ya shule itakayochakaa ndani ya mwaka, si neno. Ila mshono wa ovaloki ukifumuka, vitanzi vilivyokatwa havina pa kushika, na tundu linakimbia. Tena sweta ya namna hiyo haifumuliki upya, kwa sababu uzi wake umeshakuwa vipande vifupi. Weka jambo hilo akilini, tutalirudia.

Sasa kufuma kwa mkono. Huku kwetu wengi husema “kushona sweta” hata pasipo na cherehani, lakini kazi ni ile ile ya sindano mbili na uzi mmoja. Kadigani ya mtoto wa miaka minne, kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 4, hula gramu 200 hadi 250. Donge la gramu 50 la akriliki nililipata kwa shilingi 110. Madonge matano ni 550, vifungo vitano 50, jumla 600. Sindano ni 150, lakini hizo unanunua mara moja na binti yako atakuja kuzirithi. Kwa maneno mengine, uzi na vifungo pekee vimefika bei ya sweta iliyokamilika ya fundi wa mashine, na ni mara nne ya bei ya ile sweta yangu ya mitumba. Anayekwambia ufume ili kubana matumizi hajapiga hesabu hii.

Na bado hatujagusa saa. Nilitaka kuzijua, nikazihesabu. Kwa uzi na sindano nilizotaja, sentimita 10 za upana hubeba vitanzi 22, na sentimita 10 za urefu mistari 28. Mzunguko wa kifua cha sweta ni sentimita 64, yaani vitanzi 140 hivi. Urefu ni sentimita 36, yaani mistari 100. Hapo mwili una vitanzi 14,000. Kila mkono una wastani wa vitanzi 50 kwa mistari 76, na mikono miwili inaongeza 7,600. Ukitoa nafasi ya shingo na makwapa, sweta nzima inabaki na vitanzi karibu 21,000. Nikaweka simu pembeni, nikajipima: mimi hufuma vitanzi 25 kwa dakika nikiwa sijakatizwa. Hiyo ni saa 14 za kufuma tu. Kuunga vipande, kuinua ukingo wa vifungo, kushona vifungo na kuficha ncha za nyuzi kulinichukua saa 3 zaidi. Saa 17, na hakuna mama wa mtoto wa miaka minne asiyekatizwa.

Fundi wa mkono niliyemuuliza, mama mtu mzima anayefumia nje ya duka la mumewe, aliniambia, “Niletee uzi, mama, nipatie mia nane.” Gawa 800 kwa saa 17: ni shilingi 47 kwa saa. Niliona haya hata kuomba apunguze. Tunamsema vibaya bosi anayemlipa kibarua pesa hiyo shambani, kisha tunafika kwa fundi wa sweta na kumwambia “mia tano, mama, hii ni ya mtoto tu.” Udogo wa mtoto haupunguzi vitanzi kwa kiasi tunachodhani. Kama unataka kazi ya mkono na hufumi mwenyewe, mlipe anachotaja, na umpe wiki tatu. Jumla yako itakuwa 1,400, pamoja na uzi na vifungo. Kwa bei hiyo hiyo ya sweta ya dukani unapata kitu kilichopimwa kwa mwili wa mtoto wako, chenye shingo iliyofumwa kwa umbo, na pesa imebaki mtaani.

Ukiamua kununua uzi, jua unanunua nini. Uzi mwingi madukani ni akriliki, na mwingine haukutoka mbali: kiwanda cha Ken-Knit kiko Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale. Akriliki inafulika kwa sabuni yoyote na inakauka haraka, jambo kubwa mwezi wa Julai ambapo jua la Kitale huonekana kidogo. Pamba inapendeza Bungoma, haikeri ngozi, lakini ni nzito ikilowa na haikauki upesi. Sufu halisi ndiyo inayopasha mwili joto hata ikiwa na unyevu, ila madukani kwetu ni nadra. Mbali kidogo, Nanyuki, kuna akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers ambao tangu miaka ya 1970 wanasokota sufu ya kondoo kwa mkono, lakini uzi wa aina hiyo haujafika kwenye rafu nilizozipekua mimi.

Uzi mwingi pia huuzwa bila lebo, na muuzaji atakuapia kuwa ni sufu. Usibishane naye. Omba kipande cha urefu wa kidole, toka nje, kiweke juu ya jiwe, washa kiberiti. Sufu inasitasita kushika moto, inajikunja, inanuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake unalisaga kati ya vidole likawa unga. Pamba inawaka moja kwa moja, inanuka karatasi, inaacha jivu jepesi la kijivu. Akriliki inayeyuka. Inadondoka, kisha inaganda kuwa shanga nyeusi ngumu usiyoweza kuivunja kwa kucha.

Shanga ile nyeusi naomba kila mzazi aitazame vizuri. Nyumba nyingi huku bado zina jiko la mkaa au mafiga matatu, na asubuhi ya baridi mtoto hukaa karibu na moto kuliko tunavyotaka. Cheche ikitua kwenye sufu, mara nyingi inazimika hapo hapo na kuacha alama. Ikitua kwenye akriliki, uzi unayeyuka na kushika ngozi. Sisemi mtu asivae akriliki, binti yangu anayo moja ya shule na ataendelea kuivaa. Nasema sweta ya kukaa nayo jikoni alfajiri iwe ya sufu ukiweza, na iwe fupi mikono, isiwe na kamba shingoni wala pindo linaloning'inia. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, vifungo pia vishonwe kwa uzi mara mbili na vivutwe kwa nguvu kila baada ya kufua, kwa maana kifungo kilicholegea huishia mdomoni.

Kosa langu la gharama kubwa lilikuwa la rangi. Nilinunua madonge matatu ya kijani cha majani ya mgomba, nikasema mawili nitayarudia mwisho wa mwezi. Nikayarudia, duka lile lile, jina la rangi lile lile. Usiku chini ya taa yalifanana. Mkono wa kulia ulipokamilika na kukutana na jua, ulikuwa kijani kingine kabisa, cha njano kidogo. Viwandani uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake kwenye ukanda wa karatasi unaozunguka donge. Namba zikitofautiana, rangi pia hutofautiana. Nilipoteza shilingi 220 na jioni nne. Nunua uzi wote siku moja, linganisha namba za mafungu, ongeza donge moja la akiba, na uliza kabla kama duka litalipokea likibaki zima.

Tahadhari nyingine ni namba za sindano. Sindano zetu nyingi zina namba za zamani za Kiingereza, ambapo namba ikipanda sindano inakonda: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Maelezo ya kufuma tunayoyapata kwenye simu mengi yanatoka Marekani, na huko namba 8 ni milimita 5. Ukifuata namba bila kuangalia milimita, sweta ya mtoto wa miaka minne itatoka ndogo na haitamtosha.

Aliyenibadilishia mawazo ni kukhu. Nilimfikia Bungoma na mfuko wangu wa madonge, najivunia, akayapapasa moja moja, akaniuliza bei. Nilipomwambia alinyamaza, kisha akasema, “Mwanangu, usinunue uzi. Nunua sweta.”

Yeye alijifunza kufuma akiwa msichana mdogo, kwa mama yake aliyekuwa akihudhuria kilabu cha Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoundwa mwaka 1952 na ambacho vilabu vyake vilifundisha akina mama wa vijijini kushona na kufuma. Sindano za dukani hazikuwepo mkononi mwa mtoto. Walichukua spoki za baiskeli zilizovunjika, wakazinoa ncha kwenye jiwe. Spoki ina unene wa milimita 2 hivi, sawa na sindano namba 14, kwa hiyo kazi yao ilikuwa ya vitanzi vidogo sana, iliyobana, ya kuchukua miezi. Na uzi? Walifumua sweta kuukuu za wakubwa. Mitumba ilipojaa sokoni, yeye aliona uzi umejaa sokoni.

Tukaenda wote Chepkube. Kuna ujuzi hapa, na nauandika wote kwa kuwa sijauona umeandikwa. Tafuta sweta ya mtu mzima, ya kiume ikiwezekana, kwa maana ni kubwa na wanaoigombania ni wachache. Igeuze ndani nje. Angalia mshono wa ubavuni. Ukikuta kingo zimezungushiwa ovaloki, irudishe, ukiivuta utapata vipande vya nusu mita. Ukikuta kingo safi, ambapo unaona uzi umefika mwisho wa mstari ukageuka na kurudi, hiyo ilifumwa kwa umbo na uzi wake ni mmoja kutoka begani hadi kiunoni. Tafuta lebo. Alama ya Woolmark, ile inayofanana na uzi uliosokotwa duara, ilianza kutumika mwaka 1964, na ukiiona ikiwa peke yake juu ya lebo umepata sufu. Kisha kagua kama imeganda: sufu iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto hushikamana ikawa kama blanketi, na haifumuki tena. Chambua kitanzi kimoja kwa kucha. Kikitengana na jirani yake, lipa.

Tulilipa shilingi 100 kwa sweta ya kijivu iliyofifia kiwiko kimoja. Ukumbini kwa kukhu tuliifungua mishono kwa ncha ya wembe, mgongo, mbele, mikono miwili, tukaanza kuvuta kutoka juu, kwa kuwa sweta iliyoanzwa chini hufumuka kutoka shingoni. Binti yangu alishika uzi ukipita katikati ya vidole vyake, akacheka kila mstari ulipokwisha na uzi ukaruka kurudi upande wa pili. Uzi uliotoka ulikuwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa msuko. Tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga mahali panne usivurugike, tukauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo bila kuusugua, tukautundika na mfuko wa nusu kilo ya mahindi ukining'inia chini yake. Asubuhi ulikuwa umenyooka. Nikaupeleka dukani kwa jirani, ukawekwa kwenye mizani ya sukari: gramu 380.

Ulikuwa mwembamba kuliko nilivyotaka, nikafuma nyuzi mbili zikiwa pamoja. Hiyo ndiyo kasoro ya njia hii, uzi wa kiwandani mara nyingi ni mwembamba, na palipochakaa lazima ukate na kufunga fundo. Tena kuna saa 3 za kufumua na kuosha juu ya zile 17. Asiye na saa hizo asijilaumu, aende kwa fundi wa mashine, mtoto apate joto wiki hii. Lakini kwa pesa taslimu, shilingi 100 za sweta na 50 za vifungo ziliniletea sufu halisi kwa bei ya sweta moja ya mitumba, na uzi uliobaki.

Nilipiga hesabu nyingine, ya asubuhi. Kuanzia Aprili hadi Julai, binti yangu huvaa sweta asubuhi 80 hivi. Ile ya mashine ya 600, ikidumu msimu mmoja, ni shilingi 7.50 kila asubuhi. Ya fundi wa mkono ya 1,400, ikidumu mitatu kwa kuongezwa urefu, haifiki 6. Uzi mpya niliofuma mwenyewe, 600 kwa misimu mitatu, ni 2.50, saa zangu zikiwa hazijalipwa. Mitumba ya 150 kwa misimu miwili haifiki shilingi 1. Sufu ya kufumua ikidumu mitatu iko chini zaidi. Utaona kwamba sweta ya fundi wa mkono, iliyoonekana ghali kuliko zote isipokuwa ya dukani, inaishinda ile ya mashine, na sababu ni moja tu: inaweza kufunguliwa na kuendelezwa. Mtoto wa umri huu huongezeka urefu kama sentimita 6 kwa mwaka. Sweta iliyokatwa kwa mkasi haina la kumfanyia.

Kwa hiyo hata umbo nililochagua lilifuata hesabu hiyo. Nilianzia shingoni na kushuka. Mikono niliokota vitanzi begani nikaifuma kuelekea kiganjani. Ukingo wa vifungo nikaufanya kitanzi kimoja mbele, kimoja nyuma, na mstari unaofuata kinyume chake, ili usijikunje kama ukingo mtupu unavyojikunja. Sikuweka pambo lolote. Kijivu kile kilikuwa na weupe ndani yake ambao haukuonekana sokoni, na vifungo vitano vya rangi ya kahawia vilitosha.

Aliivaa mara ya kwanza Jumapili, ikiwa imemzidi mikono kwa vidole viwili, tukaikunja. Mwakani nitafungua ukingo wa mikono na wa chini, nishike vitanzi, niendelee pale nilipoachia. Uzi uliobaki ni gramu 140. Uko kwenye kikapu juu ya kabati, umefungwa na kipande cha karatasi nilichoandika: sindano namba 8, nyuzi mbili pamoja.